Ubongo wa Mtoto Hausubiri Darasa la Kwanza

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika za wilaya za Tarime na Serengeti)



Tumezoea kuanza taarifa zetu na idadi ya madawati na mabati. Leo tunaomba tuanze na kichwa cha mtoto mchanga.

Mtoto huzaliwa akiwa na sehemu kubwa ya seli za ubongo atakazotumia maisha yake yote, ila seli hizo bado hazijaunganishwa vya kutosha. Kila seli hutoa nyuzi nyembamba zinazotafuta seli nyingine, na pale zinapokaribiana hujengwa njia ya kupitishia taarifa. Wataalamu wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo hujengwa njia mpya zaidi ya milioni 1 kila sekunde. Ubongo hujenga nyingi kuliko unazohitaji, kisha huanza kupunguza, kama afanyavyo mkulima wa mahindi kwa miche yake. Njia inayotumika mara kwa mara huimarishwa. Isiyotumika hudhoofika na kuondolewa. Kazi hiyo huendelea hadi ujanani, lakini sehemu za kuona na kusikia hutangulia.

Chukueni lugha. Kikurya kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Mtoto wa miezi 6, awe Sirari au Dar es Salaam, huweza kutofautisha sauti ambazo mtu mzima asiyejua Kikurya hazitambui. Akikaribia mwaka 1, ubongo wake huwa umeanza kunoa sauti za nyumbani na kuachilia nyingine. Kwa hiyo mama anayeongea na mtoto aliye mgongoni huku akipalilia mihogo yuko kazini mara mbili. Wapo wazazi wanaoona haya kuzungumza na mtoto asiyejibu, na wapo wanaodhani redio inatosha. Haitoshi. Mtoto huhitaji mtu wa kumjibu anapotoa sauti.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Kichanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho akichelewa kupasuliwa, ubongo unaweza kushindwa kujifunza kuona vizuri hata jicho likitengenezwa baadaye. Mkiona weupe kwenye mboni, msisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, yaani zebaki. Mchimbaji mdogo huichanganya na mawe yaliyosagwa kwenye karasha; zebaki hushika dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Wengine huchomea nyumbani, jikoni kabisa, kwa kuhofia wezi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, kwenye damu, hadi kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Baba aliyechoma anaweza kubaki na kutetemeka mikono. Kwa kichanga, nyuzi bado zinatafuta njia, na sumu inayofika wakati huo huvuruga ujenzi wenyewe.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwandani iliyoingia kwenye samaki. Walizaliwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo kwa akina mama wenye dalili ndogo, au wasio nazo kabisa. Ile ilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyopitia kwenye chakula. Hata hivyo, mji huo ndio ulioupa jina mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo zikomeshe uchomaji katika makazi ya watu.

Hatusemi wachimbaji waache kazi. Ada za shule hutoka huko, na matoleo pia, tusifichane. Tunachoomba ni kwamba uchomaji ufanyike mbali na nyumba, kwa chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke. Chupa ya zebaki isilale chumbani. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Mmoja wa wafadhili wetu ameuliza kwa nini bajeti ya vituo vya watoto ina kifungu cha vyombo vya kuchomea dhahabu. Jibu ndilo hilo. Kamati zilizo karibu na machimbo zitatangulia kupokea vyombo hivyo, na kila moja ituletee majina mawili ya wasimamizi, mmoja awe mama.