Bibi yako si wa kumwonea aibu

Leo tuongee jambo linaloumiza wengi kimyakimya: kuitwa mgeni katika nchi uliyozaliwa.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniambia hivi. Bibi yake alikuja shuleni, akamsalimia kwa Kirundi mbele ya wenzake. Yeye akajifanya hajasikia. Usiku ule hakupata usingizi.

Sasa sikiliza historia. Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa Burundi, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Walipewa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa na kulea. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000, wazee na watoto wao, walipewa uraia. Wakaitwa "raia wapya". Lakini hebu fikiri: mtu aliyezaliwa Mishamo mwaka 1985 na kusoma hapo hapo, upya wake uko wapi?

Ili kupata uraia, walitakiwa kuukana ule wa Burundi. Sawa. Ila hakuna sheria inayomtaka mtu amkane bibi yake!

Je, kuitwa "Mtanzania mwenye asili ya Burundi" ni tusi? Inategemea. Ukijiita mwenyewe, unaeleza ulikotoka. Ukibandikwa na wengine ili ukae pembeni, huo ni ubaguzi. Wangoni nao walitoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Nani leo anawaita wageni?

Jamani, hii nayo ni afya. Aibu unayoificha kila siku inakunyima usingizi, kichwa kinauma, masomo hayapandi. Wengine hukimbilia pombe, na tatizo linabaki palepale.

Kama unataniwa hadi unaumia, usikae nalo moyoni. Mwambie mzazi, mwalimu wa malezi au rafiki unayemwamini. Kama wewe ndiye mtaniaji, muulize mwenzako: "Hivi nikikuita hivyo unajisikiaje?" Halafu nyamaza umsikilize.

Yule msichana nilimuuliza, "Bibi umeshamwomba radhi?" Akainamisha kichwa. Nikamwambia likizo iko karibu, aende. Na amsalimie kwa Kirundi, kwa sauti, hata kama rafiki zake wapo.

Na wewe, je? Kuna mtu wa nyumbani kwenu unayejifanya humsikii?