Upindo wa Hanamu



Mifarishi ya viraka tuliyowashonea wakongwe wetu ilirudi mikononi mwetu kabla ya mwaka kwisha, nayo imechanika ukingoni. Kosa lilikuwa letu. Tulikata tepe za upindo kwa kufuata uzi ulionyoka, tukidhani twaokoa kitambaa cha chama. Uzi mmoja ulipolika, ukingo mzima ulipasuka kama ganda la kunde. Na pembe za mviringo zilikuwa zimejikunja tangu siku ya kwanza.

Yafaa tepe zikatwe hanamu, yaani mshazari, ili nyuzi za mtande na za mshindio zote zikatize ukingo. Hapo utepe hunyumbuka, hufuata mviringo bila makunyanzi, na uzi mmoja ukikatika nyingine hushika.

Wazee wametuuliza, na wana haki, kama hanamu haili kitambaa. Tumepima. Mraba wa sentimita 70, ukikatwa tepe za upana wa sentimita 6 na kuungwa pamoja, hutoa mita 7 na nusu hivi. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 hauhitaji kupita hapo.

Taabu iko kwenye pasi. Iwekwe na kuinuliwa, isiburutwe, kwani hanamu huvutika ikapinda; hapo ndipo sisi wenye haraka huharibu.

Basi twaomba miraba sita, mmoja kwa kila mfarishi uliorudi, tupate kufumua pindo za zamani na kuwarudishia wenyewe kabla ya baridi ya Julai.