Mlango Mmoja, Kompyuta Nyingi
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama)



Chama kinaponunua kompyuta ya pili, ili ya kwanza ikiharibika kazi isisimame, wengi hudhani kwamba shida imekwisha. Sivyo. Kompyuta mbili zikitegemea printa moja ya kutolea stakabadhi, huzuka swali ambalo kila mwanaushirika analifahamu: nani atumie chombo cha wote, kwa muda gani, na nani mwenye mamlaka ya kukitoa mikononi mwa asiyekiachia? Swali hilo lilikwisha kujibiwa miaka mingi iliyopita, na majibu yake yanawafaa makatibu hata leo.

Mnamo mwaka 1983 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Maynard, Massachusetts, nchini Marekani, ilitangaza mpango wa VAXcluster. Kwa mpango huo kompyuta kadhaa za aina ya VAX ziliunganishwa zikafanya kazi kama kundi moja na kutumia diski zilezile. Moja ikianguka, zilizobaki ziliendelea. Lakini palibaki kasoro. Teminali, yaani kioo na kibodi cha mfanyakazi, kwa desturi ya zamani ilifungwa kwa waya katika kompyuta moja tu. Kompyuta hiyo ikizimika, mfanyakazi alikaa bure, ingawa kompyuta ya jirani ilikuwa nzima.

Dawa yake ilikuwa seva ya teminali. Hiki ni kisanduku chenye milango ya kuunganishia nyaya. Kile cha DECserver 200, kwa mfano, kilikuwa na milango 8. Kisanduku kilikaa katikati, teminali upande mmoja na kompyuta zote upande wa pili, vikiwasiliana kwa mtandao wa Ethernet na kwa itifaki iliyoitwa LAT. Seva haikutuma herufi moja moja. Ilikusanya herufi za wafanyakazi wote waliokuwa wakitumia kompyuta ileile, ikazituma pamoja, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kila kompyuta ilitangaza mtandaoni, kwa kawaida kila baada ya sekunde 60, huduma inayoitoa pamoja na alama isiyozidi 255. Yenye nafasi zaidi ilitoa alama kubwa, iliyolemewa ikatoa alama ndogo. Mfanyakazi alitaja jina la huduma tu, na seva ikampeleka penye alama kubwa. Kompyuta aliyokuwamo ikianguka, seva iliweza kumpeleka kwenye nyingine inayotoa huduma ileile. Hata hivyo alilazimika kuingia upya, na kazi ambayo hakuihifadhi ilipotea.

Upande wa printa mambo yaligeuka. Hapo si mtu anayeitafuta kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoomba mlango wa printa, na huenda zikaomba tatu kwa wakati mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo seva iliruhusu muungano mmoja tu katika mlango wa printa, na maombi mengine yakawekwa katika foleni, la kwanza kufika likihudumiwa kwanza. Mlango wenyewe ulipangiwa kazi yake mapema: ama wa teminali tu, ama wa kuombwa na kompyuta tu, ama wa yote mawili kwa zamu. Mlango usiopangiwa kazi yake vizuri uliweza kukataa maombi halali.

Sasa lije jambo lenye uzito zaidi, nalo ni kuachia. Ikiwa kompyuta iliyoshika mlango imezimika kabisa, seva hutambua. Hutuma ujumbe, hukosa jibu, hurudia mara kadhaa, kisha huhesabu kwamba mwenzake hayupo na kuufungua mlango kwa anayefuata. Lakini yawezekana kompyuta ikawa hai na programu iliyoshika mlango ndiyo iliyokwama. Kompyuta itaendelea kuijibu seva kwamba ipo, na seva itaamini kwamba kazi inaendelea. Foleni itakua, printa itanyamaza, na hakuna atakayeona taa nyekundu. Hivyo anayekufa waziwazi husumbua kidogo kuliko anayeishi bila kufanya kazi huku ameshika ufunguo.

Kwa sababu hiyo mfumo wa VMS, uliotumika katika kompyuta hizo, ulipewa programu ya kuchapa iliyofuata kanuni njema: kuomba mlango kazi inapoanza na kuuachia kila kazi inapokwisha, si kuushika kutwa nzima. Tena msimamizi wa seva, mwenye nywila yake, aliweza kuukata muungano uliokwama bila kuzima kompyuta yoyote.

Yupo pia adui wa pili: kundi kugawanyika. Mawasiliano baina ya kompyuta yakikatika, kila upande unaweza kudhani kwamba mwenzake amekufa na kwamba wenyewe ndio wenye diski na daftari. Kundi la VAX lilizuia hatari hiyo kwa akidi, kama mkutano mkuu wa chama unavyozuiwa kuamua mambo pasipo akidi. Kompyuta tatu zenye kura moja kila moja zilihitaji kura 2. Iliyobaki peke yake ilisimamisha kazi. Kompyuta mbili tu zilihitaji zote mbili, isipokuwa diski maalumu ilipopewa kura ya tatu. Kusimama kwa muda kulionekana ni afadhali kuliko kuwa na daftari mbili zinazopingana.

Kampuni ile iliuzwa mwaka 1998 na jina lake halimo tena sokoni, lakini kanuni zake hazikuzeeka. Chama chenye kompyuta mbili na chombo kimoja cha wote kinahimizwa kuzingatia haya:

1. Chombo kiwe na mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja, na wengine wangoje katika foleni inayoonekana.

2. Kila kazi ikiisha, muungano uachiwe.

3. Awepo mtu mmoja, na msaidizi wake, mwenye mamlaka ya kuukata muungano uliokwama. Jina lake lijulikane na kila kukata kuandikwe katika daftari.

4. Kisanduku cha kati kisiwe kimoja. Kompyuta tano zilizo nyuma ya seva moja zitanyamaza pamoja siku seva hiyo itakapoungua. Teminali na printa zigawanywe katika seva mbili.

5. Kazi ya kuchapa iliyokatika katikati huenda ikaanza upya mwanzoni. Kwa hiyo kila stakabadhi iwe na nambari, na nambari zikaguliwe kila baada ya hitilafu, ili mkulima mmoja asilipwe mara mbili na mwingine akakosa.

6. Kompyuta moja izimwe kwa makusudi, siku isiyo ya malipo, mbele ya kamati, ionekane kama nyingine inashika kazi kweli.

Ndugu Makatibu, kanuni ya sita ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, kwa kuwa hakuna apendaye kuzima mashine inayofanya kazi. Lakini akiba ambayo haijajaribiwa si akiba, ni matumaini tu. Mkulima aliyepanga mstari siku ya malipo na kitabu chake mkononi hana haja na idadi ya kompyuta zilizomo ofisini. Haja yake ni stakabadhi iliyo sahihi, na kuipata siku hiyohiyo.