Kolekole mdogo, kolekole mkubwa na barafu

Haya ni maelezo ya afisa wa uvuvi wa kaunti kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki kwenye baraza la Gazi, Kaunti ya Kwale.

Nimeombwa nisirefushe kwa sababu maji yanajaa na kuna watu wana nyavu za kwenda kuangalia. Nitasema mambo mawili tu: ukubwa wa kolekole tunaowaleta hapa bandarini, na barafu.

Kolekole na karambisi mnawajua kuliko mimi. Ukipitisha kidole ubavuni karibu na mkia unakutana na yale magamba magumu kama meno ya msumeno. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wao, ingawa pandu naye ni wa ukoo huo na hana. Ni samaki wa mbio, wa kuwinda, na bei yake ni nzuri akiwa mkubwa. Yule kolekole mkubwa kabisa, ambaye watalii hulipa pesa nyingi ili wapigane naye kwa mshipi, anaweza kufika sentimita 170 na kilo 80.

Lakini hazai mpaka afike karibu sentimita 60. Watafiti waliompima Hawaii walikuta anahitaji kama miaka mitatu na nusu kufika hapo. Mwenzake mwenye mapezi ya buluu huwahi: sentimita 35, umri wa miaka miwili. Sasa tuangalie mafungu tunayouza. Kolekole wa sentimita 20 hafiki hata robo kilo. Huyo huyo akifika sentimita 60 ana kilo nne na zaidi. Kwa hiyo mtu anayevua wadogo 25 amevua uzito wa mkubwa mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutaga yai.

Najua mtanijibu kwamba si wote wangekua. Ni kweli. Wengi wangeliwa na tengesi, na jodari, na kolekole wenzao. Lakini wakibaki wachache tu kati ya hao 25 tayari mvuvi amepata faida, na bahari imepata wazazi.

Wadogo hao wako wapi? Wako hapa hapa ghubani. Kolekole wachanga huingia kwenye mikono ya bahari na kwenye mikoko, maji yakiwa na tope na chumvi pungufu, kwa sababu humo kuna chakula na adui ni wachache. Wakikua hutoka kwenda mwambani, kisha nje ya mwamba. Kwa hivyo mikoko ya Gazi, ambayo tunaisifu kwa hewa ya ukaa na kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ni nyumba ya kulelea samaki pia. Anayefunga mlango wa mkono wa bahari kwa wavu wa matundu madogo, wakati bamvua linashuka, anawangoja watoto mlangoni mwa shule.

Juya, bunduki ya samaki na nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimekatazwa kisheria; hilo halina mjadala, na sitalikalia. Ninalotaka tulijadili ni gumu zaidi. Wakati wa kusi, mwenye mtumbwi wa makasia hawezi kutoka nje ya mwamba. Ukimwambia asivue ghubani unamwambia watoto wake walale njaa. Mimi sikuja kumwambia hivyo. Ninachopendekeza ni kwamba BMU, ambayo ina nguvu ya kutunga kanuni zake ndogo, iache wazi midomo ya mikono ya bahari, nyavu zitegwe mbali nayo. Mwenye mshipi atumie ndoana kubwa kidogo, na akimpata mdogo angali hai amrudishe kwa mkono uliolowa maji. Wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi, walitenga sehemu yao ya bahari kuanzia 2005, tena wao wenyewe, bila kusubiri serikali. Sisemi tuige kila kitu. Gazi si Kuruwitu.

Na kwa maoni yangu mzigo mkubwa uko kwa mnunuzi. Mvuvi huleta kinachouzika. Tajiri akikataa fungu la kolekole wa shubiri moja, wiki ya pili halitaletwa. Wenye mahoteli na mikahawa, mnaosoma jarida hili, hili linawahusu.

Sasa barafu. Kolekole, kama jodari na nguru, ana nyama ambayo ikikaa kwenye joto vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoitwa histamini. Mtu akiila, mara nyingi ndani ya saa moja hivi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha, moyo unaenda mbio. Watu husema "amekula samaki mwenye jini". Kina mama, nawaomba mlishike hili: sumu hiyo haitoki kwa kukaanga, wala kwa kubanika, wala kwa ndimu. Samaki anaweza kunukia vizuri na bado akawa nayo. Dawa ni kumzuia asipate joto tangu anapotolewa majini. Mtoe matumbo, mwoshe, mfunike na barafu, na kwa hali yetu ya hewa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Gunia lililoloweshwa maji linasaidia kidogo kwa muda mfupi. Si badala ya barafu. Na aliyepatwa na dalili hizo apelekwe zahanati mara moja, hasa akishindwa kupumua vizuri.

Nimeleta mbao za kupimia zenye alama ya sentimita 35 na 60. Zitakaa kwa karani wa BMU hapa bandani, na yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Mwenyekiti, naona Mzee kule nyuma ameshainua mkono kuhusu midomo ya mikono ya bahari. Tumpe nafasi kabla maji hayajafika mitumbwini.