Mtoto Asome Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)

Ndugu wafanyakazi,

Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Lakini kuondoa karo si kumfundisha mtoto kusoma. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumsikiliza kila mmoja, wewe waweza.

Usiseme huna vitabu. Jioni msimulie hadithi kwa Kijaluo, kisha naye akusimulie. Mkipita Kibuye, asome majina ya maduka. Mama akienda sokoni, mtoto aandike: omena, chumvi, sabuni. Akikosea herufi usimpige. Msifu kwanza, kisha mwonyeshe.

Nawe usiyejua kusoma, mwambie akusomee karatasi ya mshahara. Twajua hasara ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoweza kuisoma. Watoto wetu wasiirithi.