Faili Tatu Zatosha: Mazungumzo kwa Vijana Wanaoanza JavaScript



Kuna kijana aliyesikia kwamba JavaScript ina kazi, akaingia saiba na kufuata video. Kabla hajaandika hata mstari mmoja, ameambiwa apakue Node.js, kisha Vite, kisha rundo la faili linalojaza folda iitwayo node_modules. Bando limeisha na ukurasa haujaonekana. Anarudi nyumbani akiamini kazi hii si ya watu kama yeye.

Siku ya kwanza hakuhitaji vitu hivyo. Brendan Eich alibuni JavaScript mwaka wa 1995 ili ifanye kazi ndani ya kivinjari, na kivinjari kimo tayari katika kompyuta ya saiba. Node.js ilikuja 2009. Ni zana nzuri, ila zingoje mradi ukue.

Kinachohitajika ni folda moja yenye faili tatu: index.html ya yaliyomo, style.css ya mwonekano na script.js ya utendaji. Ukibofya index.html mara mbili, ukurasa unafunguka hata bila intaneti. Anayetumia Notepad achunge asihifadhi index.html.txt, maana badala ya ukurasa ataonyeshwa maandishi matupu. Majina yawe ya herufi ndogo. Windows haijali kama ni Script.js au script.js, lakini seva za Linux hujali, na ukurasa uliokuwa mzima nyumbani hukwama ukipandishwa mtandaoni.

Ndani ya index.html, faili ya tatu huitwa hivi: <script src="script.js" defer></script>. Neno defer huuambia msimbo usubiri ukurasa usomwe kwanza. Bila hilo, tagi ikiwa juu, msimbo hutafuta kitufe ambacho bado hakijakuwepo.

Mradi wenyewe uwe wa jambo linalojulikana, kama hesabu ya maziwa. Visanduku viwili, asubuhi na jioni, na kitufe cha kujumlisha. Mkulima ameleta lita 12 asubuhi na 8 jioni. Kitufe kinabonyezwa, jibu linatoka: 128.

Mashine haijaharibika. Kisanduku humpa JavaScript maandishi, si nambari, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi. Dawa ni kuizungushia kila thamani Number( ) kabla ya kujumlisha. Kinachopotosha wengi ni kwamba kuzidisha hakuna tatizo hilo: 12 mara shilingi 45 hutoa 540 barabara, kwa hiyo aliyejaribu bei peke yake hudhani kila kitu ki sawa.

Liko baya zaidi. Kisanduku kikiachwa tupu, Number husoma 0 wala hailalamiki. Karani akisahau kuandika maziwa ya jioni, mkulima anapoteza lita zake kimya kimya. Kwa hiyo msimbo ukague kwanza: kikiwa tupu, ukatae kujumlisha na useme ni kisanduku kipi.

Ukurasa ukigoma, F12 hufungua konsoli, na maandishi mekundu hutaja faili na mstari wenye kosa. Lakini ile 128 haitaonekana pale, kwa kuwa machoni pa JavaScript si kosa. Hiyo hukamatwa na mtu mwenye karatasi na kalamu, aliyejumlisha 12 na 8 mwenyewe kabla ya kumwita mkulima achukue pesa zake.