Kughairi na Kuahirisha

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, nanyi vijana mnaosoma hapa leo:

Katika taarifa iliyosomwa asubuhi tumesikia kwamba ujenzi wa maktaba "umeahirishwa". Naomba niseme machache juu ya neno hilo na mwenzake, kughairi, kwa kuwa watu wengi huyachanganya.

Kuahirisha ni kusogeza mbele wakati wa jambo. Nia hubaki ile ile. Kughairi ni kubadili nia yenyewe: mtu alikusudia kwenda, sasa haendi tena. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kitu kingine, kisicho kile cha kwanza. Ndiyo maana husemwa pia "minghairi ya", yaani "pasipo" au "isipokuwa".

Mifano tunayo. Itazameni milima hii ya Uluguru. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, tena udongo wa chini usio na rutuba ulifukuliwa ukawa juu. Julai 1955 wananchi wakakataa, ghasia zikazuka Matombo, na mtu mmoja akauawa. Mwaka huo huo mpango ule ukaachwa. Hapo serikali ilighairi, haikuahirisha.

Sasa twende Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie huko. Miaka mingi ikapita, hata mwaka 2016 ndipo serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati. Uamuzi haukufutwa. Hapo kazi iliahirishwa, haikughairiwa.

Vijana, kughairi si aibu. Aliyekusudia udaktari, kisha akaona moyo wake uko kwenye kilimo, na aseme waziwazi, "Nimeghairi," wazazi wake wajue la kufanya. Ubaya ni kughairi moyoni na kuahirisha mdomoni, maana anayengoja huendelea kungoja.

Wenzangu, wanaoingoja maktaba wamekaa mbele yetu. Kama tumeahirisha, tutaje mwezi kabla hatujaenda kula. Kama tumeghairi, tuwaambie leo, na michango irudishwe kwa waliochanga.